Dungu la Kuwaita Ndege: Mwisho wa Majira ya Baridi katika Mji wa Norwich

Msomaji aliyelelewa shambani hana haja ya kuelezwa dungu ni nini. Mpunga au mtama unapoanza kutia punje, hujengwa jukwaa la miti katikati ya shamba, na watoto hupanda juu yake tangu alfajiri wakiwa na makombeo na madebe mabovu, wakapiga kelele mpaka jua kuchwa. Kazi hiyo ni kuamia ndege, na wakulima wa Mwea na wa Ahero waijua vema, maana kundi la kwelea likitua asubuhi moja tu, jasho la miezi minne limekwisha.

Basi huko Uingereza nimeona dungu la namna nyingine. Ni dogo, lasimama juu ya nguzo moja nyuma ya nyumba, nalo halikujengwa ili ndege wafukuzwe bali ili waitwe waje kula. Tena mwenye nyumba huwanunulia chakula dukani kwa fedha yake mwenyewe. Nilipomwandikia ndugu yangu habari hiyo, alinijibu kwa mstari mmoja akiuliza kama watu wale wana akili timamu. Haya yafuatayo ni jibu refu kidogo kwa swali lake.

Mji wenyewe ni Norwich, ulio mkuu katika jimbo la Norfolk, upande wa mashariki, yapata maili mia moja kutoka London. Nchi ile ni tambarare, nayo hulimwa ngano, shayiri na viazisukari. Katika mitaa ya zamani nyumba za matofali mekundu zimeshikamana safu nzima kama mabehewa ya gari la moshi, na kila nyumba ina ua mwembamba kwa nyuma, wenye upana wa hatua sita au saba. Nilikaa huko majira matatu ya baridi kwa ajili ya masomo, nikiwa mpangaji wa mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu. Nilimwita Mzee, naye alipoelezwa ya kuwa kwetu hilo ni jina la heshima wala si tusi, akalipenda, hata akawa hataki kuitwa vingine.

Watu wa Limuru na wa Kinangop watasema ya kwamba baridi waijua. Ni kweli, walakini sikuona baridi kuwa taabu kubwa kuliko zote. Taabu kubwa ni giza. Mwishoni mwa Januari jua huchomoza saa mbili kasorobo asubuhi, na ifikapo saa kumi na nusu jioni limekwisha kutua. Mara nyingi hata katika hizo saa chache huwezi kuliona, kwa kuwa mawingu yamekaa chini kama kifuniko cha sufuria. Miti imepukutika yote. Mtu anayeishi peke yake aweza kumaliza siku tatu bila kusema neno ila kwa mwuza duka. Nadhani hapo ndipo desturi hii ya ndege ilipopata nguvu, maana ukitazama nje ya dirisha la jikoni, ndege ndicho kitu cha pekee kinachotembea.

Nao wana shida kweli. Yuko ndege mmoja mdogo sana mwenye kichwa cha buluu na tumbo la manjano, ambaye uzito wake ni gramu kumi au kumi na moja, yaani kama barua nyepesi. Usiku wa saa kumi na tano au kumi na sita huyeyusha mafuta yote aliyoyaweka mwilini mchana. Asipopata chakula asubuhi, hatauona usiku wa pili. Katika baridi kali ya mwaka wa 1962 hata 1963, theluji na jalidi vilipokaa tangu mwisho wa Desemba mpaka mwanzo wa Machi, ndege wadogo walikufa kwa wingi mno. Walio wadogo kupita wote hujua kulala wamesongamana ili wapate joto. Katika jimbo hilohilo la Norfolk, mwaka wa 1969, walihesabiwa 61 wakiingia kulala ndani ya sanduku moja la kutagia. Sanduku lenyewe halizidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga.

Chakula chao kina kanuni zake. Mbegu za alizeti hupendwa na wengi, na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa ikachanganywa na nafaka huwafaa siku za jalidi. Njugu hutiwa katika mfuko wa waya ili ndege adonoe vipande vidogo asije akapaliwa, wala hazitakiwi zenye chumvi. Njugu hizo hutoka katika nchi za joto, na wauzaji waaminifu huzipima kwanza kama hazina sumu ya kuvu. Ni sumu ileile iliyoingia katika mahindi ya Ukambani mwaka wa 2004 ikaua watu zaidi ya mia. Nilipomweleza Mzee jambo hilo alinyamaza kitambo, kisha akasema haifai njugu za ndege wa Norwich zipimwe kuliko mahindi ya mtu. Sikuwa na la kuongeza.

Wala msomaji asidhani ndege hao ni wanyonge wasio na maarifa. Zamani maziwa yaliletwa mlangoni kila asubuhi katika chupa zenye kifuniko chembamba. Mwaka wa 1921, karibu na Southampton, watu waliona ndege wadogo wakitoboa vifuniko hivyo na kunywa malai ya juu. Ujanja huo ukaenea, na kufikia mwaka wa 1949, wataalamu walipoandika habari zake, ulikuwa umeonekana katika sehemu nyingi za nchi. Yuko na yule mwenye kifua chekundu, ambaye picha yake hutiwa katika kadi za Krismasi kama mfano wa upole. Mwalimu mmoja wa shule huko Devon, David Lack, alimchunguza kwa miaka kadha, akatoa kitabu mwaka wa 1943. Aligundua ya kuwa wimbo wake mtamu ni tangazo la mpaka wa shamba, na ukiweka kitita cha manyoya mekundu ndani ya mpaka huo, atakipiga kama adui. Mtu yeyote aliyepata kukaa barazani kusikiliza kesi ya mipaka atamwelewa ndege huyo mara moja.

Sasa nije kwenye kuhesabu. Kila mwaka, katika mwisho wa juma la mwisho la Januari, chama cha Waingereza cha kuwalinda ndege, kilichoanzishwa mwaka wa 1889, huwaomba watu wakae saa moja wakitazama ua wao na kuandika ndege waliotua. Desturi hii ilianza mwaka wa 1979 kama mchezo wa watoto. Siku hizi wanaoshiriki hupita nusu milioni. Kanuni ni nyepesi, lakini makarani watafurahia uangalifu wake. Huandiki jumla ya wote waliopita, bali idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa mara moja. Ukiona jurawa mmoja saa tatu na dakika tano, na wawili dakika kumi baadaye, jibu lako ni wawili wala si watatu, kwa kuwa huenda yule wa kwanza amerudi na mwenziwe. Anayepita juu bila kutua hahesabiwi.

Mzee alikuwa na daftari la jalada la kijani, na mwandiko wa kurasa nyingi haukuwa wake. Marehemu mkewe ndiye aliyelianza mwaka ule wa 1979, akalijaza kila Januari mpaka alipofariki dunia. Tangu hapo mume huketi kwenye kiti chake mama huyo, dirishani, na kalamu yake ya risasi. Kitu kilichonigusa ni tarakimu zenyewe. Katika ukurasa wa kwanza mama alikuwa ameandika kwezi 22. Ukifunua mbele, wanapungua: kumi na wanne, tisa, watano. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi nzima, maana kwezi walioongoza hesabu ya mwaka wa 1979 wamepungua kwa zaidi ya robo tatu katika nyua za watu, na jurawa, yule shomoro wa nyumbani anayeonekana siku hizi Mombasa na Nairobi pia, amepungua kwa zaidi ya nusu, ingawa bado ndiye wa kwanza katika orodha.

Mwaka wangu wa pili pale, saa ile moja ikapita bila kwezi hata mmoja kutua. Jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa amekuja kunywa chai. Akamshauri Mzee aandike wawili, kwa kuwa walionekana jana yake juu ya paa, na haifai kuharibu daftari la marehemu. Mzee akaandika sifuri. Alisema mkewe hakuwahi kuandika ndege wa jana.

Watu huuliza sababu za kupungua huko, na wakulima yafaa wazisikie kwa masikio mawili, maana sehemu kubwa yatoka mashambani. Baada ya vita iliyokwisha mwaka wa 1945 nchi ilitaka chakula kingi, na mashine kubwa zilitaka mashamba mapana. Uzio wa miti iliyo hai, uliokuwa makazi ya ndege kwa mamia ya miaka, uking'olewa maili kwa maili, na Norfolk ilipoteza sana. Dawa za kuua wadudu ziliongezeka. Hakuna wadudu, hakuna chakula cha makinda. Ngano ikaanza kupandwa kabla ya baridi badala ya baadaye, na yale mabua yenye punje zilizodondoka, yaliyokuwa ghala ya ndege Januari na Februari, yakatoweka. Tangu mwaka wa 1970 ndege wa mashambani wamepungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka wa 1997 ikatungwa kanuni ya kwamba mtu asing'oe uzio wa zamani wa shambani bila kuomba idhini, lakini miti ya miaka mia tatu hairudi kwa karatasi. Siwalaumu wakulima wale moja kwa moja. Walifanya walichoombwa, nao walilisha watu.

Hata hivyo si makosa yote ni ya shamba, na jambo nitakaloeleza sasa liliniondolea wepesi wa kufikiri. Katika juma la pili la Februari tuliona chiriku mmoja wa kijani juu ya dungu letu dogo, amejivimbisha manyoya kama mpira, mdomo umelowa, na kila punje aliyoitia ikaanguka tena. Mzee akatoka nje bila koti. Huo ni ugonjwa wa koo unaoletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Zamani ulijulikana kwa njiwa, lakini tangu mwaka wa 2005 umewaingia chiriku hao, na katika miaka michache theluthi mbili hivi za chiriku wa kijani wa Uingereza zilitoweka. Nao huenea kwa mate, penye chakula na maji, mahali ndege wengi wanapokusanyika. Yaani huenea hasa pale walipoalikwa.

Ushauri wa wataalamu ni kuondoa chakula chote walau majuma mawili, ili ndege watawanyike, na kusugua vyombo vyote kwa dawa na kuvikausha. Mfugaji wa kuku hataona ajabu. Mzee akang'oa dungu lake siku ileile. Siku ya tatu ikaanguka theluji ya inchi nne. Asubuhi ndege walikuja kama kawaida, wakatua juu ya nguzo tupu, wakatazama dirishani. Naweza kusema walitazama dirishani, kwa kuwa nilikuwa nimesimama hapo. Yule bibi jirani akaja uzioni akiwa amekasirika, akasema, “Wewe unawaua kwa njaa!” Mzee akamjibu kwamba akiwapa chakula atawaua kwa ugonjwa. Bibi akamwambia njaa ni ya leo na ugonjwa ni wa labda. Hawakusemezana tena kwa siku kumi na moja. Mimi nilisikiliza pande zote mbili, na mpaka sasa naona kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Lakini chiriku tulimwokota amekufa chini ya waridi, na baada yake hatukumwona mwingine mwenye dalili zile.

Siku hizo za dungu tupu ndizo nilizojifunza jinsi watu wale wanavyotumia mikono yao wakati shamba limelala. Mzee aliingia katika kibanda chake cha mbao nyuma ya ua, akawasha taa, akaanza kutengeneza masanduku ya ndege ya kutagia. Tangu mwaka wa 1997 tarehe 14 Februari huanza juma maalumu la kutundika masanduku hayo nchini kote. Huchukua ubao mmoja usiorandwa, akaukata vipande sita. Tundu ndilo lenye elimu: la milimita 25 humwingiza yule mdogo wa buluu na kumzuia jurawa, na la milimita 32 ni la jurawa mwenyewe. Sanduku hutazama kati ya kaskazini na mashariki, jua kali na mvua ya upepo visiingie, wala halipakwi rangi ndani. Alitengeneza sita, nami nikapiga misumari ya mawili.

Upande wa pili wa uzio, bibi alikuwa akifuma sweta ya sufi ya buluu nzito, ya mtindo wa wavuvi wa Sheringham, mji ulio pwani kaskazini ya Norwich. Hufumwa kwa sindano nyembamba mno hata maji hupenya kwa shida, na kifuani huwekwa nakshi za kamba, za wavu au za mawimbi, walizorithishana mama na binti. Kwenye kila kizingiti cha dirisha mtaani utaona trei za mayai zilizopangwa viazi vya mbegu, macho yao juu, vikingoja kuchipua kabla ya kupandwa katika vishamba vya kukodi vya halmashauri. Na jikoni hunukia machungwa makali kutoka Seville, ambayo hufika Januari na Februari tu, na watu huyapika pamoja na maganda yake kuwa jamu chungu iitwayo mamaledi. Siku ya kumi na mbili ya ule ugomvi ilionekana chupa moja ya mamaledi juu ya ngazi ya mlango wetu, bila barua. Mzee akaila kwa mkate, akaenda kugonga mlango wa jirani na sanduku moja la ndege mkononi.

Wapenzi wa mpira wa miguu wanajua ya kuwa timu ya Norwich, iliyoanzishwa mwaka wa 1902, huvaa manjano na kijani na kuitwa kwa jina la ndege wa manjano, yaani kanari. Asili yake ni hii. Katika miaka ya 1560 wafumaji wa nguo kutoka Flanders, waliokimbia taabu za kwao, walipokewa katika mji huo, na yasemekana ndio waliokuja na ndege hao wadogo ili waimbe karibu na vitanda vya kufumia. Kazi ya kufuma ikaisha, ndege wakabaki. Mafundi viatu wa Norwich wakawa hodari wa kuwazalisha, hata ikatokea aina nene yenye manyoya mengi inayoitwa kwa jina la mji. Nilipelekwa kumwona fundi mmoja mstaafu ambaye mwishoni mwa Februari alikuwa akichagua jike na dume kwa uangalifu ule wa mfugaji wa Nyeri achaguaye fahali. Kwangu mimi ndege wa tundu hanifurahishi kama yule wa mti, lakini sikumwambia.

Ningeongeza safari yetu ya pwani, lakini nitaisema kwa ufupi. Huko, alfajiri, mabata bukini wenye miguu ya waridi waliotoka Iceland hupita juu kwa maelfu kwenda kula majani ya viazisukari yaliyoachwa baada ya mavuno. Mkulima asiye na haraka ya kulima mabaki hayo huwafaa, naye hapungukiwi kitu. Kelele zao zilinikumbusha soko linalokaribia.

Ifikapo mwisho wa Februari jua hutua saa kumi na moja na nusu, na tofauti ya saa nzima mtu huisikia mwilini. Maua meupe yaliyoinama hutoka chini ya miti isiyo na jani. Dungu lilirudishwa, limesuguliwa, chakula kidogo kidogo, na kila jioni kilichobaki kiliondolewa. Ndege wa buluu walirudi siku ya kwanza. Jurawa siku ya nne. Yule ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa akaanza kuimba juu ya bomba la moshi kabla ya mapambazuko.

Hapo Mzee alinipa kazi. Alinieleza habari za mbayuwayu aliyefungwa pete ndogo mguuni na wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, mwezi wa Mei 1911. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, na barua ikaandikwa kurudi Uingereza. Kabla ya hapo wengi hawakujua kwa hakika mbayuwayu wa Uingereza hukaa wapi wakati wa baridi. Akaniomba nikisharudi nyumbani nimwandikie siku nitakayowaona wakiondoka kwetu. Nilimwonya kwamba mbayuwayu wetu hutoka nchi nyingi za Ulaya na Asia, na wale wa kwao wengi hupita upande wa magharibi wa Afrika. Akasema hilo alijua, lakini tarehe ni tarehe.

Nilirudi mwezi wa Machi. Tarehe 29 nikawaona kwenye waya za umeme karibu na kituo cha basi, yapata mia mbili, wakitazama upande mmoja. Kesho yake waya zilikuwa tupu. Nikamwandikia. Jibu lilifika mwezi wa Mei. Mbayuwayu wa kwanza alimwona juu ya mto Wensum tarehe 16 Aprili. Masanduku mawili kati ya sita yamepata wapangaji, na lile la jirani lina makinda saba, jambo ambalo bibi humkumbusha kila siku.